Bwawa, kinamasi au ziwa: uende wapi kutazama ndege kutoka Nairobi wakati wa kiangazi?

Kati ya mwisho wa Desemba na katikati ya Machi, mvua za vuli zikiwa zimepita na za masika hazijaanza, maji yote yaliyo karibu na Nairobi hujaa ndege. Wenyeji wapo, na wageni wa kutoka Ulaya na Asia wapo. Kinachomsumbua mtu mwenye Jumamosi moja na nauli ya kuhesabu ni pa kwenda. Mmoja atamwambia Naivasha, mwingine Nakuru kwa sababu ya heroe (flamingo), na wa tatu atamtajia kinamasi kilicho kando ya barabara kuu, ambacho amekipita mara nyingi akienda mashambani bila hata kugeuza shingo.

Msimamo wangu nautoa mapema: usichague kwa ukubwa wa jina. Jiulize kwanza kama utatembea kwa miguu au utakaa ndani ya gari. Kisha jiulize unatafuta nini hasa: wingi wa ndege, ndege fulani ambaye hujawahi kumwona, au ndege pamoja na wanyama wakubwa wanaokuja kunywa. Ukishajibu maswali hayo, nusu ya orodha itajiondoa yenyewe.

Kwa nini kiangazi hiki na si Julai

Ndege wa kaskazini huingia Kenya kwa wingi kuanzia Septemba wakikimbia baridi, na wengi huwa wameondoka Aprili ikiisha. Miongoni mwao kuna bata wa aina kadhaa, korongo weupe, mbayuwayu, wale ndege wembamba wenye tumbo la manjano wanaotikisa mkia miguuni mwa ng'ombe, na vitwitwi wa kila namna. Kitwitwi mdogo kabisa utakayemwona akikimbia topeni huzaliana kaskazini ya mbali ya Urusi, kwenye nchi ya barafu, na uzito wake haufiki hata gramu 50. Huyu ndiye ninayemtafuta kila mwaka kabla ya mwingine yeyote, na kila nikimwona nashangaa upya.

Kiangazi huwasaidia kwa namna ambayo wengi hatuitambui. Maji yanapopungua, ukingo wa tope hupanuka, na topeni ndimo walimo wadudu na minyoo wanaoliwa na ndege wenye midomo mirefu. Bwawa lililojaa pomoni baada ya mvua hupendeza machoni, lakini kwa vitwitwi halina pa kusimama. Ndiyo maana bwawa lile lile linaweza kuwa kimya Mei na kuchangamka Februari. Anayekuja likizo mwezi wa Julai, wakati wa kiangazi cha Ulaya, huwakuta wenyeji tu pamoja na baridi yetu. Wenyeji nao ni wazuri, ila ajue kwamba nusu ya waigizaji wako kwao.

Mabwawa ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi

Kama una gari, au una marafiki wa kuchangia gari, na hujawahi kutazama ndege wa majini, anzia hapa. Sioni mahali pengine duniani ambapo mtu hutoka nyumbani kwake South B alfajiri na saa moja baadaye yuko mbele ya bwawa lenye domomwiko, korongo taji na mnandi, huku kifaru akichunga upande wa pili.

Mbuga hii ilitangazwa mwaka 1946 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 117. Aina za ndege zilizoorodheshwa humo zinazidi 400. Ina mabwawa kadhaa yaliyochimbwa ili wanyama wapate maji, na matatu ndiyo muhimu kwa msomaji wa makala haya. La Nagolomon liko karibu na lango kuu la Lang'ata, kwa hiyo ni la kwanza kufikiwa asubuhi. Lina miti na matete pembeni, na ndege wanaopenda kujificha hupatikana hapo. La Fisi, ambalo wote hulijua kama Hyena Dam, liko wazi zaidi na lina kina kidogo. Bwawa la Athi Basin liko mbali upande wa mashariki, kwenye uwanda usio na miti, na kiangazi ukingo wake hubaki tope tupu. Kwa anayefuata vitwitwi na bata, hilo la mwisho ndilo bora, hata kama safari ya kulifikia ina vumbi.

Kuhusu wanyama, kiangazi ndicho kipindi chao hapa. Upande wa kusini mbuga haina uzio, na kwa miaka na miaka wanyama wametoka kwenda nyanda za Kitengela na Athi-Kapiti mvua zinaponyesha, kisha wakarudi ukame unapoanza, kwa sababu mabwawa haya hayakauki upesi. Punda milia, kongoni, pofu na nyati husogea majini, na simba huwafuata. Tembo hayupo; usimwahidi mtoto tembo.

Ubaya wake ni huu: huruhusiwi kushuka garini isipokuwa kwenye sehemu zilizotengwa, kama vile za mapumziko na pale kwenye vidimbwi vya viboko kando ya Mto Mbagathi, ambako askari wa mbuga hukusindikiza kwa miguu. Kumtazama ndege mdogo kupitia dirisha, injini ikitetema na mwenzako akiuliza mtaondoka lini, ni kazi. Zimeni injini. Simamisheni gari upande wa mashariki wa bwawa asubuhi, ili jua liwe nyuma yenu na mwanga uwaangukie ndege badala ya kuwapiga nyinyi machoni. Jioni geuzeni. Jambo hili dogo hubadilisha siku nzima, kwa sababu ndege aliye kati yako na jua huonekana mweusi tu, awe bata au awe kwarara.

Malipo hufanywa kwa eCitizen kabla ya kufika langoni. Pesa taslimu hazipokelewi. Hakikisha kiwango cha siku hiyo, kwani ada za Shirika la Wanyamapori (KWS) hurekebishwa, na mwananchi hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa kigeni. Beba kitambulisho.

Manguo na Ondiri: kwa mwenye matatu na miguu yake

Sasa tuseme huna gari, wala hutaki kulipa lango lolote. Hapa ndipo watu wengi wa Nairobi hukata tamaa, na ndipo ningependa wasikate. Kuna maji mawili upande wa Kiambu yanayofikika kwa nauli ya kawaida ya matatu, na kila moja lina kitu ambacho mbuga haiwezi kukupa.

Manguo iko karibu na Limuru, kando kabisa ya barabara kuu ya kwenda Nakuru, umbali wa kilomita 30 hivi kutoka katikati ya jiji. Ni maji ya msimu: hupanuka mvua zikinyesha vizuri, hupungua kiangazi, na mwaka wa ukame mkali hubaki nyasi. Ng'ombe na kondoo hulisha ukingoni, na malori yanaunguruma juu ya tuta. Ndege hawajali. Kukuziwa weusi wenye paji jeupe huogelea katikati, na wakiwa katika kipindi cha kuzaliana utaona vinundu viwili vyekundu juu ya paji hilo. Kuna vibisi wanaozama na kuibukia pale usipotarajia, bata wa aina mbalimbali, yangeyange na kwarara. Kwa kuwa umesimama kwa miguu yako mwenyewe, unaweza kumfuata ndege mmoja kwa nusu saa bila kumwomba mtu radhi. Kujifunza ndege kwa kweli huanza hapo, kwenye kumtazama mmoja anavyokula, anavyozama, anavyomfukuza mwenzake.

Limuru ni baridi hata Januari. Ukungu wa asubuhi unaweza kufunika maji mpaka saa tatu, kwa hiyo hakuna haja ya kuondoka Nairobi usiku wa manane. Vaa sweta, na ushuke matatu mahali ambapo kuna nafasi ya kusimama salama. Magari pale hukimbia, na hilo ndilo linalonifanya nisimpendekeze mzazi mwenye watoto wadogo.

Ondiri ni jambo jingine. Iko karibu na mji wa Kikuyu, unaweza kutembea kutoka stendi, na ndiko kwenye chanzo cha Mto Nairobi. Watu wanaoujua mto huo pale Gikomba tu, ulipokwisha kuchoka, wanapaswa kuja hapa waone ulivyo ukianza. Juu ya maji kumetandazwa mkeka mnene wa matete na mafunjo unaoelea, na ukiukanyaga pembeni unausikia ukitikisika. Usiingie ndani yake, hata kama unamwona mwenyeji akikata majani. Tazama kutoka ukingoni.

Kwa idadi ya ndege, Manguo huishinda Ondiri mara nyingi, kwa sababu maji ya Ondiri yamefunikwa na bata hawana pa kutua. Lakini Ondiri ina ndege wa matete: sauti nyingi, miili michache. Kwera wanajenga, ndege wadogo wa kahawia wanapita wasionekane ila mkia, na korongo taji huonekana. Korongo huyu ameorodheshwa kimataifa kuwa hatarini kutoweka tangu 2012, na sababu kubwa ni kukaushwa kwa vinamasi vya aina hii hii ili vilimwe. Kumwona akiwa kilomita 20 tu kutoka katikati ya Nairobi, ng'ambo ya mashamba ya sukuma wiki, kunanipa furaha na wasiwasi kwa pamoja.

Basi kati ya hizi mbili: anayeanza aende Manguo, kwani ndege wako wazi na hawahitaji subira kubwa. Mwenye sikio zuri na saa za kutosha aende Ondiri. Asiye na darubini aende Ondiri pia, maana pale masikio hufanya kazi kubwa kuliko macho.

Watu huniuliza kuhusu Bwawa la Nairobi, lile la pale kati ya Kibra na Lang'ata. Lilichimbwa mwaka 1953 na wazee wetu wanakumbuka mashua zenye matanga juu yake. Leo gugu maji limelifunika na majitaka yanaingia. Siwezi kulipendekeza kwa mtu anayechagua pa kwenda, na inaniuma kusema hivyo, maana lingekuwa jibu la kwanza kwa watoto wa Kibra ambao hawana nauli ya Limuru.

Mabwawa ya majitaka ya Ruai

Mara nyingi huitwa ya Dandora, ingawa yako Ruai, mashariki ya jiji. Majitaka ya Nairobi hupitishwa humo, dimbwi baada ya dimbwi, yakisafishwa na jua, hewa na vijidudu kabla ya kurudishwa mtoni. Ukiweza kuvumilia harufu ya madimbwi ya mwanzo, utaona bata wengi kuliko mahali pengine popote karibu na jiji. Maji yana rutuba nyingi, rutuba huotesha mwani, mwani hulisha wadudu, wadudu hulisha ndege. Mahali hapa pametambuliwa rasmi kuwa eneo muhimu la ndege, na wataalamu wa ndege hupaheshimu kuliko mandhari nyingi za kwenye kalenda.

Ila si mahali pa kuamka na kwenda. Ni mali ya kampuni ya maji ya jiji, na unahitaji ruhusa. Eneo ni pana na la upweke, kwa hiyo nenda na kundi. Viboko nao wamewahi kuingia kwenye madimbwi hayo, na kiboko aliye nchi kavu hana mzaha na mtu aliyesimama kati yake na maji. Ukilinganisha na mbuga: Ruai kuna bata wengi zaidi na unatembea juu ya kingo, mbugani kuna utulivu, usalama na simba. Mimi ningemshauri mtu aende mbugani kwanza, ajifunze kutofautisha bata kumi, kisha ajiunge na kundi linalokwenda Ruai.

Naivasha au Nakuru?

Ukivuka ukingo wa Bonde la Ufa, swali hubadilika, kwani sasa unachagua kati ya maji matamu na maji ya magadi, na kila moja lina ndege wake.

Naivasha ni maji matamu, kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Ufuo una mafunjo, maji yana samaki, na kwa sababu hiyo ni nchi ya kwazi, yule tai mla samaki mwenye kichwa cheupe. Sauti yake utaisikia kabla hujaegesha gari. Mwari wapo, mnandi wapo kwa makundi, mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe huning'inia hewani juu ya maji akipiga mbawa kisha akajitupa. Juu ya majani yanayoelea hutembea yule ndege wa kahawia mwenye vidole virefu ajabu, asiyezama.

Ziwa limepanda sana katika miaka ya karibuni. Mwaka 2020 maji yaliingia mtaa wa Kihoto na kuwatoa watu nyumbani kwao, na 2025 yakaingia tena. Migunga iliyokuwa kwenye ufuo imekufa wima ikiwa ndani ya maji. Kwa mwenye nyumba Kihoto hiyo ni hasara isiyo na jina, na mtalii wa Nairobi anayepita hapo na kamera yake akumbuke anapopiga picha. Kwa ndege, miti hiyo mikavu imekuwa mahali pa kutulia na kujenga viota, na leo boti nyingi huzunguka kati ya matawi hayo.

Boti ndiyo njia bora ya kuliona ziwa, na ukiwa kundi la watu watano au sita gharama hugawanyika vizuri. Elewana bei na muda kabla ya kupanda, vaa jaketi la kuokolea hata kama nahodha anasema hakuna haja, na mwambie asisogelee viboko. Baadhi ya manahodha hupiga mluzi na kurusha samaki ili kwazi ashuke mbele ya kamera. Picha hutoka nzuri. Mimi huwaomba wasifanye, na huwalipa bei ile ile. Kwazi anayevua mwenyewe unaweza kumngoja nusu saa, lakini utakuwa umemwona akifanya kazi yake.

Anayependa kutembea anaweza kwenda Crescent Island, hifadhi ya watu binafsi, ambako unatembea kwa miguu kati ya twiga, punda milia na kuro. Watoto hawasahau siku hiyo. Kwa familia yenye mtoto wa miaka saba na bibi wa miaka sabini, Naivasha haina mshindani katika orodha hii yote. Hata bila gari inawezekana: matatu za Naivasha hupatikana River Road, na ukifika mjini unapanda nyingine zinazofuata Moi South Lake Road kuelekea Karagita na Kamere.

Na Nakuru? Hapa lazima niseme wazi, kwa sababu watu bado wanasafiri kilomita 160 wakiwa na picha ya zamani kichwani, ile ya ufuo wote wa waridi. Heroe wadogo hula mwani wa kijani-buluu unaostawi katika maji makali ya magadi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziwa limepanda, maji ya mvua yamepunguza ukali huo, chakula kimepungua, na wengi wa heroe wamehamia Bogoria, Elementaita na kwingineko. Utawakuta baadhi, pengine mamia, pengine zaidi. Hakuna anayeweza kukuahidi. Heroe huhama usiku mmoja wakipata habari za chakula mahali pengine, na hawamwachii mtu ujumbe.

Lakini usiifute Nakuru. Mbuga yake ina vifaru weusi na weupe, na kwa kumwona kifaru ni miongoni mwa sehemu za uhakika zaidi nchini. Simba wapo, chui wapo kwenye miti ya migunga. Ilikuwa eneo la kwanza la Kenya kuingizwa katika mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, mwaka 1990. Naivasha ilifuata 1995. Unayemtafuta akiwa kifaru na ndege ni wa ziada, nenda Nakuru ulale usiku mmoja. Ukitafuta ndege kwanza, kaa Naivasha.

Na ukitaka heroe bila kwenda mbali, simama Elementaita, katikati ya hizo mbili. Ziwa linaonekana kutoka barabara kuu, na hapo ndipo mwari weupe hujenga viota kwenye visiwa vya mawe, huku wakienda kuvua kwenye maziwa jirani, kwani Elementaita yenyewe haina samaki wa kuwatosha. Ni ziwa dogo, la kina kifupi, na watu wengi hulipita wakiharakisha kufika Nakuru.

Magadi

Hili si la kila mtu. Ni kilomita 110 hivi kusini-magharibi, kupitia Kiserian, na barabara inashuka kutoka baridi ya Ngong hadi bonde lenye joto linaloweza kupita nyuzi 35 mchana. Kiangazi sehemu kubwa ya ziwa hukauka na kuwa ukoko mweupe na wa waridi, ambao umechimbwa na kiwanda kwa zaidi ya miaka mia moja. Maji ya wazi hubaki kwenye chemchemi za moto pembeni. Humo huishi samaki wadogo ambao asili yao ni hapa Magadi, wanaostahimili joto ambalo lingewaua samaki wa kawaida, na ndege wala samaki huwavizia.

Kinachowaleta wapenzi wa ndege ni heroe, pamoja na kitwitwi mmoja mdogo mwenye mkanda wa kahawia kifuani. Katika Kenya ni hapa Magadi ndipo watu huja kumtafuta. Wazee wa fani hii husimulia pia mwaka 1962, heroe walipozaliana Magadi na magadi yakaganda kwenye miguu ya makinda kama pingu, watu wakaingia ziwani kuyavunja na kuokoa maelfu.

Ukilinganisha na Naivasha, Magadi ina aina chache za ndege, haina kivuli, na watoto watachoka kabla ya saa nne. Lakini ukimya na upana wake haviko kwingine. Nenda na gari zima lenye gurudumu la akiba, maji ya kunywa zaidi ya unavyodhani unahitaji, na uwe umefika saa moja asubuhi. Ikifika saa tano geuza gari. Nampendekezea aliyekwisha kuona hizo nyingine.

Jinsi ningechagua kwa niaba yako

Mwanafunzi mwenye shilingi mia tano: Manguo, akiwa na mandazi mfukoni. Marafiki wanne wenye gari dogo na Jumapili asubuhi: mabwawa ya mbuga, wafike lango likifunguliwa saa kumi na mbili. Familia: Naivasha, na kama hawana watoto wadogo, wakipita barabara ya juu, ile ya Limuru, wanaweza kusimama Manguo kwa dakika ishirini njiani, hivyo wakaona maji mawili kwa safari moja. Mgeni wa kutoka nje mwenye siku mbili: Naivasha na Elementaita. Mpiga picha: Athi Basin au Magadi, kutegemea kama anavumilia joto.

Darubini ni ya lazima kila mahali isipokuwa Ondiri. Si lazima iwe mpya. Ya 8x42 (inayokuza mara nane, yenye lenzi ya milimita 42) inatosha, na ni afadhali watu watatu wenye darubini moja nzuri kuliko kila mmoja na yake ya plastiki. Kwa kutambua majina, programu ya Merlin kwenye simu husaidia kwa picha, ila kwa majina ya Kiswahili usiitegemee. Waulize wavuvi na wachungaji wanawaitaje, uandike.

Na kama unaona aibu kuanza peke yako, shirika la uhifadhi la Nature Kenya hufanya matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi yakianzia Makumbusho ya Taifa, desturi iliyoanza miaka ya 1970, na anayeanza hukaribishwa. Mwezi wa Januari pia kuna hesabu ya ndege wa majini, ambapo wajitolea hugawanywa kwenye maziwa na mabwawa kuhesabu pamoja na wataalamu. Kwenda Ruai mara ya kwanza, sijui njia iliyo rahisi kuliko hiyo. Uliza mapema, Novemba au Desemba, kwa sababu nafasi kwenye magari hujaa.